Kemisti alisema ni dawa ya wagonjwa wa akili, nami naumwa tumbo tu

Kwako Shangazi,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Umoja na ni keshia katika duka la vifaa vya ujenzi kule Eneo la Viwandani. Nakuandikia kwa sababu kuna dawa nimeificha kabatini chini ya kanga na sijui niimeze au niitupe.

Tatizo langu ni tumbo. Lilianza mwaka juzi tulipoenda matanga kwao mume wangu. Tulikula, tukanywa maji ya pale, na usiku huo watu kadhaa tukaanza kuharisha na kutapika. Wenzangu walipona baada ya siku chache. Mimi nililazwa, nikatundikiwa maji, nikatoka. Lakini tangu hapo tumbo langu halijawahi kurudi kuwa lile la zamani. Linasokota upande wa chini, hasa asubuhi, linajaa gesi mpaka sketi inakataa kufungika, kisha naharisha. Nikitoka chooni maumivu yanalegea kidogo, halafu yanarudi. Kuna wiki inapita salama nadhani nimepona, Jumatatu ikifika mambo ni yale yale.

Nimezunguka, Shangazi. Kliniki ya kwanza waliniambia ni taifodi. Ya pili wakasema ameba. Ya tatu wakasema ni vidonda vya tumbo. Kila mahali natoka na mfuko wa antibiotiki. Mwishowe nikachukua mkopo wa chama nikaenda hospitali kubwa. Wakanipitisha kamera kwa juu na kwa chini, wakapima damu na choo, wakanipiga picha ya tumbo. Hawakupata kitu. Daktari, kijana mpole, akanieleza kwamba nina kitu kinachoitwa IBS: matumbo hayana kidonda ila mawasiliano yake na ubongo yamevurugika. Akaniandikia amitriptilini, kidonge cha miligramu 10 kila usiku, na akanishauri nionane na mwanasaikolojia.

Nilipofika kwa kemisti wa mtaani akaisoma ile karatasi, akanitazama, akauliza kwa sauti mbele ya foleni: "Hii ni ya nani? Hii ni dawa ya wagonjwa wa akili." Nikasema ni ya jirani yangu. Nikalipa, nikatoka nikiona aibu hata kuwatazama watu.

Nyumbani Baba watoto anasema mimi napenda hospitali. Mama mkwe anasema pale matangani nililishwa kitu, na kuna mtu anamjua anayeweza kukitoa. Kila wikendi ananikumbusha kwa simu.

Kinachonimaliza zaidi ni safari ya kazini. Navijua vyoo vyote vya vituo vya petroli kwenye Barabara ya Jogoo, kipi kina kufuli, kipi wanataka shilingi ishirini, kipi huwa hakina maji. Sinywi chai asubuhi. Nakaa kiti cha mlangoni, na kikiwa na mtu nangoja matatu nyingine. Gari likikwama Makadara, hata kama tumbo limetulia, moyo unaanza kwenda mbio, viganja vinalowa jasho, na baada ya muda tumbo nalo linaamka. Nimeacha kwenda kanisani, mikutano ya chama natuma udhuru. Silali vizuri, nalia bila sababu, usiku mwingine naomba nilale nisiamke, nipumzike tu. Bosi wangu naye amechoka nami, kwa sababu keshia hawezi kuacha mashine ya pesa na wateja wamepanga foleni.

Juzi dada yangu aliye Mombasa alinitumia makala kuhusu daktari mtafiti wa Australia, Nicholas Talley, ambaye amefuatilia watu kwa miaka akichunguza uhusiano wa matatizo ya tumbo na afya ya akili. Dada alidhani itanipa moyo. Mimi imenitia hofu. Ina maana maumivu haya nayatunga kichwani? Kabla ya matanga yale sikuwa mtu wa wasiwasi, uliza yeyote anayenijua. Ni kipi kilianza kumharibu mwenzake, tumbo au kichwa? Hiyo dawa nimeze? Na kuna mama anauza poda ya "kusafisha utumbo" kwenye mtandao, shilingi 4,500, anasema inatibu tumbo na msongo wa mawazo kwa pamoja. Ninunue?

Tumbo Joto, Umoja

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma yote, lakini kuna maneno umeyapitisha haraka haraka kati ya kanisa na bosi wako, nami siwezi kuyaruka. Umesema usiku mwingine unaomba ulale usiamke. Tuanze na hayo, tumbo litangoja. Mtu aliyeteseka muda mrefu akifika hapo, haina maana kwamba amelaaniwa au amepungukiwa na imani. Ni dalili, na dalili huambiwa mtu. Mwambie dada yako leo, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia mimi. Na ukijikuta unafikiria utafanya vipi na lini, usikae peke yako: piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haitozi pesa, au nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, nayo si ya watu waliofungwa kamba tu kama tulivyotishwa utotoni. Kuna kliniki ya wanaoingia kwa miguu yao, wakaonwa, wakarudi nyumbani kupika.

Sasa kemisti. Kutangaza dawa ya mgonjwa mbele ya foleni ni utovu wa adabu ya kazi, na mimi niliyefanya uuguzi kabla ya safu hii naona haya kwa niaba yake. Tena alichotangaza ni nusu ya habari. Amitriptilini ni dawa ya zamani, ilianza kutumika miaka ya 1960 kutibu unyongovu, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hilo ni kweli. Lakini kwa unyongovu dozi ya kawaida hufika miligramu 75 hadi 150 kwa siku. Wewe umeandikiwa 10. Kwa kiwango hicho kidogo inatumika kutuliza neva zinazopeleka maumivu. Wenye kisukari ambao nyayo zinawachoma usiku hupewa, wenye kipandauso hupewa, na hakuna anayewaita wendawazimu.

Kwa tumbo kama lako imejaribiwa vizuri. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza ulioongozwa na Alexander Ford wa Chuo Kikuu cha Leeds na Hazel Everitt wa Southampton. Walikusanya wagonjwa 463 wenye IBS kutoka zahanati 55 za mitaani, si hospitali kubwa. Wengine wakapewa amitriptilini, miligramu 10 wakiongezewa hadi 30 kadiri ya mahitaji, wengine vidonge vinavyofanana navyo ambavyo havina dawa ndani. Baada ya miezi 6 waliomeza dawa walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Hapa naomba usome pole pole: alama za wasiwasi na za unyongovu za makundi yale mawili hazikutofautiana. Yaani watu hawa hawakupona tumbo kwa sababu walichangamshwa roho. Nafuu ilikuwa ya tumbo lenyewe.

Kwa hiyo, umeze? Naona daktari alifikiri vizuri, lakini alikuandikia bila kujua kuhusu usiku wako mbaya. Rudi umwambie kwanza. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mara moja ni sumu ya moyo, na una watoto ndani ya nyumba. Daktari anaweza kukupa ya wiki moja moja, au akabadilisha mpango kabisa. Mtu mwingine akutunzie vidonge na kukupa kimoja kila jioni, kabatini chini ya kanga si mahali pake. Mwambie pia kama una shida ya moyo, kama una mimba au kuna dawa nyingine unatumia. Ukianza, mdomo utakauka na utalala mapema, ndiyo maana ni ya usiku. Inaweza pia kukufunga choo kidogo, na kwa mtu anayeharisha huo si msiba. Usiihukumu wiki ya kwanza, huchukua wiki kadhaa kujionyesha.

Nije kwa Talley. Miaka mingi madaktari walikuwa na jibu moja kwa mtu wa namna yako: vipimo ni safi, basi ni mawazo, nenda nyumbani upumzike. Talley na mwenzake Natasha Koloski walitaka kujua kinachotangulia ni nini, na hilo huwezi kulijua kwa kumwona mgonjwa mara moja tu. Waliwauliza wakazi wa Penrith, kando ya Sydney, kuhusu matumbo yao na kuhusu wasiwasi na unyongovu, kisha wakawarudia baada ya miaka 12. Karibu watu 1,000 walijibu tena, na matokeo yakatoka mwaka 2012. Waliokuwa na wasiwasi mwanzoni huku tumbo likiwa zima, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata tatizo la tumbo baadaye. Na waliokuwa na tumbo baya mwanzoni huku akili imetulia, walikuja kuonyesha wasiwasi na unyongovu zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2016 wakachapisha ufuatiliaji mwingine, huu wa mwaka mmoja. Kwa takriban theluthi moja ya watu, akili ndiyo iliyotangulia. Kwa theluthi mbili lilitangulia tumbo.

Theluthi mbili, mwanangu. Dada yako alikutumia utetezi wako, wewe ukausoma kama mashtaka.

Na historia yako wewe imeandikwa wazi. Umetoka kwenye matanga na ugonjwa wa kuharisha, umelazwa, halafu tumbo likakataa kutulia, halafu ndipo wasiwasi ukaja. Mama mkwe wako ana nusu ya ukweli: ulilishwa kitu, tena ninyi nyote mlioharisha mlilishwa. Ila kiliingia kwa maji au kwa sufuria, na hakuna fundi wa kukitoa kwa sababu hakipo tena. Mei 2000 katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada, mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima cha maji ya mji. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na 7 wakafa. Watafiti wakaendelea kuwafuatilia wakazi. Miaka miwili mitatu baadaye, zaidi ya theluthi moja ya wale ambao kuugua kwao kulithibitishwa na rekodi za matibabu walikuwa na dalili za IBS, na kwa wale ambao hawakuugua ilikuwa kama mmoja kati ya kumi. Mji mzima, na hakuna aliyetafuta mchawi. Ilikuwa samadi.

Baada ya maambukizi makali ukuta wa utumbo hupona lakini neva zake huweza kubaki na ukali. Ni kama mbwa wa boma aliyewahi kupigwa na mwizi: sasa hata paka akipita anabweka usiku kucha. Gesi ya kawaida, ambayo mimi nikiwa nayo sijui kama iko, kwako ni msokoto. Kamera huonyesha ukuta tu, ukali wa neva hauonekani kwenye picha. Na neva zenyewe si chache, utumbo una seli za neva zaidi ya milioni 100. Ule mshipa mkubwa wa neva unaounganisha tumbo na ubongo, vagasi, sehemu kubwa ya nyuzi zake, kama 80 kati ya 100, hupeleka habari kutoka tumboni kwenda juu. Ubongo wako umekuwa ukipokea habari mbaya kutoka chini tangu mwaka juzi. Ungekuwa mchangamfu ningeshangaa.

Urithi nao una mkono wake. Mwaka 2021 watafiti walilinganisha vinasaba vya watu 53,400 wenye IBS na vya mamia ya maelfu wasio nayo, wakakuta baadhi ya sehemu zinazohusika na IBS ni zile zile zinazohusishwa na wasiwasi na unyongovu. Muulize mama yako tumbo la bibi lilikuwaje.

Sasa turudi Makadara, kwa sababu hapo umenieleza jambo kubwa bila kujua. Umesema moyo huanza kwenda mbio wakati tumbo bado limetulia. Tumbo huamka baadaye. Kwa hiyo asubuhi hiyo mpangilio umegeuka: ugonjwa ulioanzia chini sasa unasukumwa pia kutoka juu. Ubongo umejifunza kwamba gari kusimama ni hatari, unapiga kengele kabla ya hatari yenyewe, na utumbo ulio mwepesi hivyo unaitikia. Hii ndiyo maana ya daktari kukutuma kwa mwanasaikolojia. Hakukuona mwendawazimu. Anataka upande wa juu nao ufanyiwe kazi, dawa ikifanya ya chini.

Kazi hiyo inafundishika. Everitt huyo huyo, mwaka 2019, alitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 558 wa IBS: wengine walifundishwa na mtaalamu wa tiba ya mazungumzo kupitia simu, wengine kupitia programu ya intaneti wakipigiwa simu chache, wengine wakabaki na matibabu ya kawaida. Makundi yote mawili ya mafunzo yalipata nafuu zaidi ya lile la tatu. Simu, unaona? Wapo wanasaikolojia Nairobi wanaofanya kazi kwa simu, huhitaji kupanda matatu kwenda kutibiwa hofu ya matatu.

Ukingoja nafasi, anza hivi. Siku ambayo huna haraka, labda Jumamosi mchana, panda gari la Jogoo ushuke Donholm tu. Kiti cha katikati, si cha mlangoni. Tumbo likisema, pumua taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, na usishuke kabla ya kituo ulichopanga. Wiki ijayo fika Hamza. Ukifika City Stadium siku ya kazi ukiwa kiti cha katikati, niandikie tusherehekee. Mara nyingine utashindwa, utashuka na kukimbilia petroli. Hiyo haifuti safari zilizopita.

Na hiyo ya kutokunywa chai asubuhi naielewa lakini inakuumiza. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mkubwa huamshwa ujisukume, ndivyo tulivyoumbwa sote. Ukila cha kwanza saa nne ukiwa kazini, unauamsha pale kwenye mashine ya pesa. Amka mapema kidogo, kula nyumbani, keti, ngoja, enda chooni kwako bila kuhangaika, ndipo utoke.

Upande wa jikoni, Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne ndicho kilichofanya kazi kubwa ya kupima vyakula vinavyochachuka tumboni na kuvuta maji kwenye utumbo. Kwa bahati mbaya orodha yao inasomeka kama menyu ya kibanda cha mjini: maharagwe, chapati, vitunguu, vitunguu saumu, maziwa mengi, kabeji ikizidi. Githeri nayo imo kwa sababu ya maharagwe. Kwa bahati nzuri ugali wa mahindi haumo, wala wali, viazi, sukuma wiki, mayai, samaki, kuku. Kitunguu ndicho kigumu maana bila hicho sisi hatujui kupika. Lakini ile sukari yake inayosumbua huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kata kitunguu vipande vikubwa, kaanga kwenye mafuta mpaka harufu itoke, kitoe chote, ndipo utie nyanya. Utabaki na ladha bila tabu. Fanya hivyo wiki nne hadi sita, kisha rudisha chakula kimoja kimoja uone ni kipi adui yako. Huenda ni maziwa peke yake. Usikate vyote maisha yako yote, utakonda bure na watoto watakula nini.

Kabla sijasahau, kuna vipimo viwili hukuvitaja. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta kuharisha, moyo kwenda mbio, jasho na wasiwasi, karibu barua yako yote. Ni kipimo cha damu tu. Cha pili ni HIV, kwa sababu kuharisha kwa muda mrefu hapa kwetu lazima kupimwe hivyo, kwa kila mtu, na vituo vya serikali hupima bure. Labda vilifanywa usiambiwe. Uliza.

Na acha kabisa antibiotiki za kubahatisha. Kile kipimo cha taifodi cha tone la damu kinachofanywa kila kichochoro hukosea mara nyingi, na kila dozi inafagia pia bakteria wema wa utumbo. Ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, ukikonda bila kukusudia, chakula kikikwama kooni, au maumivu yakikuamsha usingizini, hiyo si IBS ya kukaa nayo. Rudi hospitali upesi.

Poda ya 4,500, la. Wauzaji wameokota utafiti wa kweli wakaukimbiza mbali kuliko ulikofika. Mwaka 2011 kundi la John Cryan na wenzake, akiwamo Ted Dinan wa Chuo Kikuu cha Cork, Ayalandi, liliwalisha panya aina moja ya bakteria, panya wakapunguza hofu, na walipokatwa ule mshipa wa vagasi faida ikatoweka. Kazi nzuri sana. Watafiti wa Cork walipowapa bakteria hao wanaume 29 wenye afya, matokeo ya mwaka 2017 hayakuonyesha tofauti na kidonge kitupu. Waliyatangaza wenyewe, na hiyo ndiyo tofauti yao na huyo mama wa mtandaoni. Pesa hizo weka akiba ya kumwona mwanasaikolojia.

Imebaki familia na kazi. Baba watoto usimweleze wewe, umeshamweleza vya kutosha. Nenda naye kliniki, aketi, daktari amwambie maneno yale yale aliyokuambia wewe. Wanaume wengine husikia jambo likitoka kwenye koti jeupe. Mama mkwe mheshimu, mwombe akuombee kwa Mungu, na hela za fundi usitoe hata shilingi moja.

Bosi mwombe akupe barua ya kupeleka kwa daktari, daktari aandike kwamba una ugonjwa wa utumbo unaotibiwa na utahitaji kutoka kaunta ghafla. Neno "akili" halihitaji kuwamo humo, si kwa aibu ila kwa sababu bosi hahitaji faili lako lote. Kisha pendekeza mwenyewe nani atashika mashine ukitoka, uwe umeshaongea naye. Bosi mwenye maduka hapendi shida, lakini shida iliyokuja na mpango huikubali upesi zaidi.

Niandikie tena ukishapimwa tezi. Na simu kwa dada yako ni leo, kabla hujalala.

Shangazi